Wasifu wa Mtu Aliye Hai

Shimo lilikuwa nyuma ya nyumba ya mkufunzi, pale migomba inapokaribia ukuta wa jiko. Konstebo Benjamin alikuwa amelizungushia kamba ya katani, akasimama kando yake kama mtu aliyekabidhiwa mali.

"Hili hapa, afande," alisema. "Muuaji alianza kuchimba kaburi, udongo ukamshinda. Mwili wa mkufunzi atakuwa ameupeleka kwingine."

Inspekta Rogasian Kaijage alivuta suruali magotini, akachuchumaa, akaingiza mkono. Ulizama mpaka kiwiko, ukagota. Shimo lilikuwa la mviringo, pana juu, jembamba chini. Upande uliotazama mgomba mkubwa, mizizi minene ilikuwa imekatwa kwa panga, na pale ilipokatwa pamegeuka rangi ya kahawia.

"Wewe kwenu wapi, Benjamin?"

"Singida, afande."

"Mnalima nini?"

"Mtama na alizeti. Kwa nini?"

"Lile shati lenye damu lilikutwa wapi?"

"Kwenye kamba ya kuanikia, hapo mbele. Lilikuwa limefuliwa, lakini madoa yamegoma kutoka. Mkuu wa upelelezi amelifunga liende kwa mkemia Mwanza."

Kaijage alisimama, akajifuta mkono kwa jani. Yeye alikuwa mtu wa Muleba, aliyekulia migombani, na mashati yake ya shule yote yalikuwa na madoa ambayo mama yake aliyasugua mpaka kitambaa kikachoka.

"Damu ukiifua inapauka," alisema. "Utomvu wa mgomba ukiufua unazidi kukolea. Hapa pameng'olewa mche, Benjamin. Mtu amechimba, amejichafua, amefua shati lake, ameanika, ameondoka."

Benjamin alilitazama shimo upya, kisha akaitazama kamba yake.

"Sasa afande, mtu anayeondoka, mche wa mgomba anaupeleka wapi?"

"Hilo ndilo swali."

Waliingia ndani. Mkufunzi Projest Bitegeko, aliyefundisha Uandishi na Ufasaha katika chuo cha ualimu cha Nyamirembo, alikuwa ameishi katika nyumba ile miaka yote aliyofanya kazi pale. Kulikuwa na kiti kimoja. Kwenye kichanja cha vyombo palikuwa na sahani moja, kikombe kimoja na sufuria ndogo. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka limevutwa sawa. Ukutani hapakuwa na picha ya mtu yeyote, na nyuma ya mlango hapakuwa na koti la mgeni wala mwavuli uliosahauliwa.

Simu yake ilikutwa mezani, imezima. Benjamin alikuwa ameipeleka kituoni ikachajiwa, na sasa aliitoa mfukoni.

"Ilipowaka ikaleta taarifa za waliompigia. Namba ni moja tu, afande. Imepiga asubuhi, imepiga jioni, kila siku. Ni ya yule kijana Dastan. Mkuu anasema alikuwa anapiga ili ajisafishe."

"Na wengine?"

"Wengine hakuna."

Kaijage aliichukua simu, akaitazama kwa muda, akairudisha.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Wanachuo walikuwa wametawanyika mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha, na wakufunzi nao wakitembea huku na huku kuwakagua. Kila mmoja alidhani Bitegeko yuko shule nyingine. Waliporudi chuoni vipindi vyake vikapita bila mtu, na wanafunzi wakafurahia nafasi. Mmoja tu, Dastan wa Ihembe, alianza kuuliza. Alimuuliza mlinzi, akamuuliza mpishi, akamuuliza mkuu wa chuo mlangoni kwake. Kisha watu wakakumbuka kwamba Dastan huyo huyo, kabla ya mazoezi, alisimama darasani akamsomea mkufunzi wasifu wa marehemu. Kumtaja mtu mzima kuwa marehemu, naye anapumua mbele yako, si jambo dogo huku. Wakasema alijua. Mkuu wa upelelezi akamweka ndani, na Jumatatu alitaka kumfikisha mahakamani kwa mauaji, mwili upatikane usipatikane.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

*

Mkuu wa chuo, Mama Costansia, aliwapa kona ya bwalo. Harufu ya maharage ilitoka jikoni. Kaijage aliwaita wanafunzi mmoja mmoja, na kila aliyekaa alimuuliza kwanza swali lile lile: mkufunzi wenu ni mtu wa namna gani?

Evangelina, kiongozi wa darasa, hakusita.

"Ana roho ngumu. Ukiandika sentensi ya mapambo anakusomea mbele ya wenzako, halafu anauliza, 'Hii ina maana gani?' Ukinyamaza, naye ananyamaza. Mnakaa hivyo mpaka jasho linakutoka. Mimi nililia, afande, sioni aibu kusema."

"Amewahi kukudhulumu alama?"

"Hapana. Alama anatoa za haki. Hilo ndilo linalouma zaidi."

"Na huo wasifu ilikuwaje?"

"Alisema mwalimu akipangiwa kijiji, jambo la kwanza atakaloombwa ni kusoma wasifu msibani, kwa hiyo tujifunze. Akasema marehemu ni yeye. Sisi wengine tulisema vizuri: alikuwa mcheshi, mpenda watu, ameacha pengo lisilozibika. Dastan akamwambia atazikwa kando ya barabara kama mbwa."

"Alisema mbwa?"

Evangelina alifikiri. "Kama hakusema, alimaanisha."

Aliyefuata alikuwa Elick, kijana mwenye sauti nzito, aliyekaa kama anayepigwa picha.

"Mwalimu Bitegeko amenitengeneza, afande. Nilikuja hapa siwezi kuomba chumvi mbele ya watu. Sasa hata harusini wananiita."

"Umewahi kufika nyumbani kwake?"

"Mimi? Hapana."

"Nani amewahi?"

Elick alizunguka darasa zima kichwani. "Sidhani kama kuna mtu. Yeye akimaliza kipindi anakwenda zake."

"Dastan alisema nini siku ile?"

"Alisema mwalimu hana kwao. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Tena hakumpa alama. Sisi wote alitutajia alama pale pale, yeye akamwacha hivi hivi. Ndiyo maana watu wanasema alikuwa na kinyongo."

"Kuna mwingine aliyemwacha hivi hivi?"

"Kuna Avelina. Ila huyo mwalimu hamsimamishi kabisa. Toka tuanze chuo, kila mtu amesimama akazungumza, Avelina hajasimama hata mara moja. Anafanya mitihani ya kuandika tu. Tunamtania kwamba ni mtoto wa shangazi yake."

Elick alipoondoka, Benjamin aliinama karibu. "Afande, hapo kuna mapenzi. Binti anapendelewa, Dastan anaona wivu, panga linatoka."

"Inawezekana," Kaijage alisema, na kweli aliliandika. "Lakini watu wawili wakisimulia maneno yale yale kwa namna mbili, mimi napenda kumsikia aliyeyasema."

*

Kituoni Kayanga, Dastan alitolewa mahabusu akaketishwa kwenye benchi. Alikuwa mwembamba, peku, suruali ameishika kwa mkono kwa sababu mkanda walimvua.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umekula?"

"Mama alileta ndizi kutoka Ihembe. Walizichomachoma kwa waya kuangalia kama kuna kitu ndani, halafu wakanipa."

"Nataka unisomee ule wasifu. Kama ulivyousema."

Kijana alitazama chini. "Nikiusema tena si ndiyo mtanifunga?"

"Useme."

Dastan alisimama. Aliishika suruali kwa mkono mmoja, akanyoosha shingo, na sauti ikatoka bila kutetemeka.

"Ndugu waombolezaji. Marehemu mwalimu wetu alitufundisha kwamba tusiseme tusilolijua. Kwa hiyo nasema ninalolijua. Alivaa shati safi. Hakuchelewa kipindi. Hakumpendelea mtu. Tarehe ya kuzaliwa kwake nimeiuliza, hakuna anayeijua. Wazazi wake nimewauliza, hakuna anayewajua. Hakuna aliyekula kwake, naye hakula kwa mtu. Jeneza liko hapa, gari liko hapa, dereva anauliza tuelekee wapi. Ndugu waombolezaji, mimi sijui nimjibu nini."

Askari wa zamu alikuwa ameacha kuandika.

"Basi?" Kaijage aliuliza.

"Basi. Wenzangu walicheka hapo kwa dereva. Mwalimu akaniuliza, 'Uliuliza kweli?' Nikamwambia niliuliza, hata kwa wakufunzi. Akakusanya vitu vyake akatoka, na kipindi kilikuwa hakijaisha."

"Ulikusudia kumuumiza?"

"Nilikusudia alama. Alikuwa anatukataza kudanganya." Dastan aliketi. "Kisha tulipotoka mazoezini sikumwona. Nikawaza, kama amekufa mle ndani, nani atajua? Ndiyo nikaanza kumpigia."

Kaijage aliifunga kalamu yake. Mlangoni alisimama, akamwambia askari wa zamu amrudishie kijana mkanda wake. Askari alisema utaratibu hauruhusu. Kaijage alisema basi amtafutie kamba.

*

Avelina aliletwa bwaloni jioni ile kutoka bustani ya chuo, mikono ina udongo. Alimsalimu Kaijage akipiga goti kidogo, akakaa pembeni ya kiti.

"Mkufunzi Bitegeko ni mtu wa namna gani?"

"Sijui, afande. Hajawahi kunisemesha."

"Hata siku ya kwanza?"

Binti alisugua udongo kwenye vidole. "Siku ya kwanza alitutaka tujitambulishe. Jina, kijiji, baba yako nani. Mimi nikasema natoka Nyakatuntu. Kabla sijataja baba akaniambia keti. Toka siku hiyo ananiruka. Nilidhani Kiswahili changu kinamchefua, maana kwetu tunazungumza Kinyambo."

"Huko Nyakatuntu kuna watu wa Bitegeko?"

"Jina hilo silijui."

"Kuna mtu wa huko aliyesoma akapotea?"

"Kuna mtoto wa Bibi Kokubanza. Mujuni, hilo ni jina la nyumbani; la shule silijui. Mimi simkumbuki, ni hadithi ya wakubwa. Wanasema alipokuwa bado wa shule ya msingi, msiba wowote ukitokea, yeye ndiye aliyesoma wasifu. Watu walikuwa wanatoka mpaka Kaisho kuja kumsikiliza. Halafu akaenda kusoma mbali. Baba yake akafa, hakuja kuzika. Wazee wakasema asitajwe. Hata bibi mwenyewe hamtaji."

Benjamin, ambaye alikuwa ameshika kalamu tayari kuandika habari za mapenzi, aliiweka chini.

"Nyumba ya bibi huyo unaifahamu?" Kaijage aliuliza.

"Inapakana na ya kwetu, afande."

"Mama Costansia akikuruhusu, kesho utatuonyesha."

Alimtuma Benjamin kwa mkuu wa upelelezi na ujumbe kwamba wanafuata mtu hai. Benjamin alirudi na jibu fupi: mkuu hataki habari, anataka mtu mwenyewe asimame mbele yake kabla ya Jumatatu, la sivyo kijana anakwenda mahakamani.

*

Waliondoka Kayanga Jumamosi asubuhi, wakapita Omurushaka, wakashika barabara ya Nkwenda. Ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni. Kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye maturubai mbele ya nyumba, na wanawake walioigeuza kwa miguu waliinua vichwa kulitazama gari la polisi, kisha wakaangalia linakokwenda. Avelina alikaa nyuma, akinyoosha kidole pale tu njia ilipogawanyika.

Nyumba ya Bibi Kokubanza ilikuwa chini ya barabara. Kibanja, shamba la migomba lililoizunguka, kilikuwa na nafasi kubwa tupu katikati; visiki vya migomba vilivyooza vilionekana bado, na mahali pengi pameota mihogo na majani. Pembeni, eneo dogo lilikuwa limelimwa upya na kusafishwa mpaka udongo mwekundu ukang'aa. Hapo palikuwa na kaburi la zamani lililozungushiwa mawe, na kando ya kaburi mche mmoja wa mgomba, jani lake jipya bado limekunjwa. Mwanamume mwenye nywele za mvi alikuwa anapanga nyasi kavu kuuzunguka. Alikuwa peku, amevaa suruali ya kitambaa iliyokunjwa magotini.

"Mwalimu Bitegeko," Kaijage aliita.

Mtu yule aligeuka. Alitazama sare ya Benjamin, akamtazama Avelina, na macho yake yakabaki kwa Avelina.

"Binti wa Nyakatuntu," alisema taratibu. "Umemaliza kujitambulisha hatimaye."

Walikaa kwenye mkeka mbele ya nyumba. Bibi Kokubanza aliletwa nje akishikwa mkono, mdogo, macho yamefunikwa na ukungu wa uzee. Kaijage alimwamkia, naye akampapasa kiganja kabla ya kukiachia.

"Nimetafutwa kwa kosa gani?" mkufunzi aliuliza.

"Umetafutwa kama marehemu. Hukuaga."

"Nilikuwa nimemaliza ukaguzi wangu mashuleni. Simu niliisahau mezani, tena sikuikumbuka. Huwa hailii." Aliokota jani la nyasi. "Nilikusudia kulala siku moja nirudi. Wazee wakaniambia kama nimerudi kweli, nisitoke kwenye kibanja hiki mpaka baba mdogo afike kutoka Uganda kunipokea. Nikitoka kabla, nimekwenda. Hawatanifungulia tena."

"Kwa nini hukuja kuzika?"

"Nilikuwa kwenye mtihani Dar es Salaam. Nikasema nitakuja ukiisha. Ulipoisha nikaona nimechelewa. Mwaka uliofuata nikawa nimechelewa zaidi." Alionyesha mche kwa kidevu. "Nilipoondoka nyumbani, baba alinipa mche. Kila nyumba niliyohamia nimeupanda nyuma, nikihama nachukua mtoto wake. Sikuona kitu kingine cha kurudi nacho."

"Ugonjwa wa mnyauko umeua migomba yote," bibi alisema kutoka mahali pake. "Mbegu ya mzee ilikuwa imekwisha hapa. Nimeishika majani. Ni yenyewe."

Kaijage alieleza kuhusu shimo, shati na Jumatatu. Alieleza polepole, bila kuongeza neno, na alipofika kwa kijana aliyeko mahabusu mkufunzi aliinua mkono.

"Subiri. Nani alitoa taarifa kwamba sipo?"

"Dastan."

"Na wengine? Chuo? Wakufunzi?"

"Walidhani uko mahali."

"Simu?"

"Alipiga yeye."

Mkufunzi aliangalia miguu yake yenye udongo. "Wanafunzi wengine umewauliza?"

"Nimewauliza. Walisema unatoa alama za haki. Mmoja alisema umemtengeneza."

"Na zaidi ya hapo?"

"Zaidi ya hapo hawakuwa nacho."

Kwenye barabara ya juu baiskeli ilipita, imebeba mikungu. Bibi Kokubanza aligeuza uso upande ilikotoka sauti ya Kaijage.

"Huyo kijana ni mwana wa nani?"

"Wa watu wa Ihembe, bibi. Wakulima."

"Si ndugu yetu?"

"Si ndugu yenu."

"Na alikuwa anamuulizia mwanangu kwa watu?"

"Kila siku."

Bibi aliinuka, akashika ukuta, akaingia ndani. Walimsikia akifungua chombo, akifunga. Alirudi na kifurushi kidogo cha jani la mgomba lililokaushwa, kimefungwa kwa kamba ya mgomba. Kilinukia kahawa, ile ya kutafuna, iliyochemshwa na majani na kukaushwa juani, ambayo mgeni hupewa mkononi anapokaribishwa nyumbani.

"Mujuni," alisema, "kampe. Mkononi mwake."

"Mama, nikitoka wazee watasema nini?"

"Wazee nitawajibu mimi. Wewe ulipokaa mbali miaka yote ile, mimi ndiye niliyekuwa nawajibu."

Mkufunzi alisimama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akatafuta viatu vyake nyuma ya mlango. Kabla ya kupanda gari alirudi mara moja kwenye mche, akasogeza nyasi karibu na shina. Avelina alisema yeye atabaki, ataumwagilia, naye bibi asibaki peke yake.

*

Mkuu wa upelelezi alimtazama marehemu wake kutoka kichwani mpaka viatuni, akatia sahihi, akaondoka bila kumwomba mtu radhi. Benjamin alikwenda kulitafuta lile shati kabla halijapanda basi la Mwanza.

Dastan alitolewa. Alikuwa amefunga suruali kwa kamba ya katani. Alipomwona mkufunzi amesimama kwenye kaunta alisita mlangoni, kama mtu anayeogopa kuamini anachokiona.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Dastan."

Kaijage aliinama kwenye karatasi zake ingawa alikuwa amezimaliza.

"Mwalimu," kijana alisema mwishowe, "hukunipa alama."

"Sikukupa kwa sababu hukumaliza. Wasifu unaisha kwa kusema marehemu anazikwa wapi. Wewe uliishia kwa dereva."

"Sikupajua, mwalimu."

"Hata mimi nilikuwa sipajui." Mkufunzi alifungua kifurushi, akachagua punje za kahawa, akaziweka kwenye kiganja cha kijana na kukifumba kwa mkono wake mwenyewe. "Mama yangu amekupa hizi. Anaitwa Kokubanza. Mwambie dereva apite Nkwenda, afike Nyakatuntu, nyumba iko chini ya barabara. Kuna kaburi la baba lenye mawe na mgomba mmoja mchanga. Nafasi iko kati ya hivyo viwili."

Dastan alitia kahawa mdomoni, akatafuna taratibu, akikunja uso kwa uchungu wake.

"Useme sasa," mkufunzi alimwambia, "kuanzia kwa dereva."